Mwenye Shamba Yuko Geita

Kisiki cha kwanza nilichokiacha kiishi kilikuwa njiani, kati ya nyumba na kisima, na kwa miaka mingi kilikuwa kinanikwaza kidole kilekile cha mguu wa kulia. Mvua zikinyesha kinachipua. Kiangazi kikifika mbuzi wanakula machipukizi, na yale wanayobakiza nayakata mimi kwa panga, nayaanika juu ya paa, nawashia moto. Sikujua ni mti gani. Nilikiona kama kichaka tu.

Mimi ni mzaliwa wa Ushirombo, Msumbwa. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya misheni, na ukivuka uwanja wa nyuma ulikuwa unaingia msituni moja kwa moja, bila shamba wala njia katikati. Baba alitundika mizinga humo. Nilipoolewa nikaletwa Usukumani, kijiji kilicho nje ya mji wa Shinyanga, jambo lililonishangaza kwanza lilikuwa kuona mbali. Ukisimama mlangoni unamwona mtu anayekuja tangu akiwa kama nukta. Unapepeta, unaosha vyombo, unabandika maji, na bado hajafika. Nchi ilikuwa wazi, nyekundu kwenye miinuko na nyeusi mbugani. Wenyeji walisema zamani palikuwa na msitu. Ukakatwa kufukuza mbung'o, ikaja pamba, ng'ombe wakaongezeka, na hakuna aliyekumbuka siku mti wa mwisho ulipoanguka.

Kuni hazikuwapo. Baada ya mavuno tulipikia mashina ya pamba, na yakiisha tunapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake ni mzito, unakaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Mama mkwe wangu alikuwa amepika juu ya moshi huo maisha yake yote, na macho yake yalikuwa mekundu, mekundu kabisa, hadi kwenye pembe. Huku kwetu bibi mwenye macho kama yale halali kwa amani. Mtoto akifa kwa jirani, au ndama akianguka bila sababu, kuna mtu atageuka kumtazama kama mchawi. Mama mkwe alilijua hilo. Akienda penye watu alivuta kanga hadi kwenye nyusi na kutembea akitazama chini.

Alikuwa hazungumzi Kiswahili, na Kisukuma changu wakati huo kilikuwa cha kuombea chumvi. Lakini tulielewana. Siku moja nilimkuta amekaa nje anajifuta macho kwa ncha ya kanga, nikamwambia, "Mayu," yaani mama, "nitakutafutia kuni."

Akacheka. "Utazitoa wapi? Utazizaa?"

Watu wanaokuja siku hizi na kamera huniuliza nilianzaje kupenda mazingira. Huwa nawajibu wanachotaka. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu kwa ajili ya yule mama.

Mwaka uleule mume wangu aliondoka kwenda Geita. Pamba ilikuwa imetuangusha, naye alikuwa na rafiki aliyeingia kwenye machimbo ya dhahabu na kurudi na pikipiki. Alinunua tochi ya kufunga kichwani, akaijaribu mchana kweupe uani, akiwasha na kuzima, na binti yetu, wakati huo mdogo, akiikimbilia. "Mvua zikianza nitakuwa nimerudi," alisema. Sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Haukupita muda akaja afisa misitu, dada mmoja mwenye pikipiki, akatukusanya wanawake pale shuleni. Alitufundisha kujaza udongo kwenye viriba, kuotesha mikwaju na gilirisidia, kumwagilia jioni jua likishapoa. Alipopita kwangu kunywa maji alijikwaa kwenye kisiki changu. Akainama, akakishika, akaniuliza kama najua hiki ni nini.

"Kichaka," nikasema.

"Huu ni mgunga. Mizizi yake iko hai huko chini, na ni mikubwa kuliko ya mche wowote nitakaokuletea. Unataka kupanda miti, na miti unayo tayari." Akanionyesha namna ya kufanya: chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine ondoa, zungushia miiba mbuzi wasifike. Alipoondoka nilizunguka shamba lote nikitazama chini. Visiki vilikuwa kila mahali. Nilikuwa nimevilima, nimevikalia, nimevianikia nguo.

Kikundi chetu kilianza na wanawake wengi na kelele nyingi. Tulikuwa tunaimba tukijaza viriba. Kisha mmoja akaacha kwa sababu mumewe alisema miti inaleta kwelea kwelea watakaomaliza mtama. Mwingine akasema kivuli kinaua mahindi. Mwingine mbuzi wa mama mkwe wake walikula miche yote asubuhi moja na hakuwa na moyo wa kuanza tena, na sikumlaumu. Ukame wa mwaka uliofuata ulimaliza waliobaki. Niliendelea kwenda kwenye kitalu peke yangu, nabeba maji kutoka kisimani, na sikuimba tena, maana mtu mmoja akiimba kitaluni watu wanamfikiria vibaya. Mwisho nikahamisha miche iliyokuwa hai kwenye toroli na kuileta nyumbani.

Nilipanda gilirisidia kwa mistari ndani ya mahindi. Ikirefuka naikata, nafukia majani udongoni, matawi yanakuwa kuni. Visiki vya shambani niliviacha virefuke, nikipogolea matawi ya chini ili jua lipite. Na mama mkwe alinishika mkono akanipeleka upande wa juu, kwenye mteremko uliokuwa umebaki changarawe na mifereji, akaniambia kwamba alipoletwa pale kama bibi harusi, mahali pale palikuwa ngitili. Nilikuwa nalisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Ni eneo ambalo mwenye mji analifunga mvua zikianza, mifugo haiingii, nyasi na miti vinaota, na kiangazi kikikaza ndama na ng'ombe wagonjwa wanafunguliwa kidogo kidogo. Zamani kila mji ulikuwa na lake. Nikapanda minyaa na katani kuzunguka mteremko wote. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda na kunielekeza mpaka wa zamani ulipopita, hapana, juu kidogo, hapo, hapo.

Mume wangu alipiga simu mwanzoni kila wiki. Halafu kila mwezi. Halafu akawa anapiga akikumbuka, na sauti yake ilikuwa na haraka, kama mtu anayeitwa upande wa pili. Kisha ikawa ni yule mwanamke wa kwenye mtambo: namba unayopiga haipatikani. Nilimsikiliza mara nyingi sana yule mwanamke.

Mama mkwe alifariki kiangazi kimoja, mchana, akiwa amelala kivulini mwa ule mgunga wa njiani, ambao ulikuwa umeshanipita kimo. Miaka yake ya mwisho alipikiwa kwa kuni. Macho hayakupona, uzee hauponi, lakini alikuwa ameacha kujifunika uso. Tulimtafuta mwanawe kwa kila namba tuliyokuwa nayo. Tulizika bila yeye. Mdogo wake, shemeji yangu, ndiye aliyesimama mahali pa mtoto mkubwa, na tangu siku hiyo alianza kunitazama kama mtu aliyesahauliwa nyumbani kwao.

Binti yangu alikuwa ameshahamia mjini, Ngokolo, anashona kwenye duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Kwa hiyo nyumba ikabaki na mimi. Kupika ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu kujifunza. Kwa muda mrefu niliendelea kupika wa watu wawili, na asubuhi nawapa kuku. Kule ngitili, wakati napogolea, nilijikuta naongea Kisumbwa kwa sauti, lugha ambayo hapa hakuna mtu wa kuijibu. Nilikuwa nasimulia mambo madogo tu. Kisima kimepungua. Jembe limelegea mpini. Sikujisikia kichaa, ila niliposikia hatua za mtu nilinyamaza.

Kiangazi cha mwaka uliofuata niliamka nikakuta ng'ombe wa shemeji wako ndani ya ngitili. Walikuwa wamevunja minyaa upande wa chini. Nyasi zilikuwa zimenifika kiunoni, na miti michanga ya mininga ndiyo kwanza ilikuwa imenyooka. Nilipiga kelele, nikawafukuza kwa fimbo, wakawa wanatoka na kurudi. Kijana aliyewachunga alikuwa amekaa juu ya kilima anachezea simu, hakuinuka. Hadi jua lilipokuwa kali walikuwa wamekula upande mzima na kukanyaga mwingine.

Nikapeleka shauri kwenye dagashida, mkutano wa jadi ambako mambo ya malisho na mipaka husikilizwa. Wanaume walikaa kwenye viti, mimi nikasimama.

"Ng'ombe ni wa nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Ni wangu," alijibu shemeji bila kusita. "Wameingia kwenye shamba la kaka yangu. Mtu anashtakiwa kwa kuingia kwa kaka yake?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Shemeji, eneo lile nimelifunga tangu mvua za kwanza. Unajua. Unapita pale kila siku."

"Umelifunga kwa ruhusa ya nani?"

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Aliinamisha kichwa, akaongea taratibu. "Mama, kazi yako tunaiona. Lakini shamba lina mwenyewe. Mwenye shamba yuko wapi?"

"Yuko Geita."

"Basi atuambie yeye. Akisema ni ngitili, atakayeingiza mifugo atatozwa faini kama ilivyo desturi. Asiposema, hatuwezi kumkataza mtu kuingia kwa kaka yake."

Kuna mtu nyuma akasema kwamba Geita ni kubwa, na wakacheka tena.

Jirani mmoja aliyekuwa amerudi kutoka huko aliniambia kwamba mume wangu hachimbi siku hizi, anauza matimba, magogo ya kushikilia mashimo, mbele ya Katoro. Nikauza majogoo, nikamwomba mke wa jirani awape kuku maji, nikaondoka. Basi lilipitia Kahama. Ushirombo niliteremka, nikalala kwa kaka yangu. Asubuhi nilitoka uwanja wa nyuma kama nilivyozoea utotoni. Palikuwa na shamba la mahindi, na nyuma yake shamba jingine, na kule mwisho kabisa mstari wa miti mwembamba. Kaka alikuja akasimama kando yangu anapiga mswaki. "Unatafuta nini?" "Hakuna," nikasema. Mizinga ya baba nayo iliishia wapi, sikuuliza.

Machimbo niliyasikia kabla ya kuyaona. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe, zinanguruma mchana kutwa, na vumbi lake ni jeupe, linakaa kwenye kope za watu. Nilipita kati ya mahema ya turubai na vibanda vya mabati nikiuliza penye matimba. Watu walininyooshea kidole bila kusimama. Kisha nikaona magogo yamepangwa kama ukuta, marefu kuliko nyumba yangu, yamemenywa maganda, na pale mbele mume wangu anapima gogo kwa kamba.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yote yalipotea, nikabaki na moja. "Shikamoo."

Akageuka. "Marahaba," alisema, kama vile nimetoka kisimani. Halafu uso ukabadilika. "Umefikaje huku?"

"Kwa basi."

Alikuwa amekonda, na alikuwa na kikohozi kifupi kikavu kilichokatiza maneno yake. Alinipa dumu nikalikalia. Nilimwambia mama yake amefariki. "Nilisikia," akasema. Nikamuuliza alisikia kwa nani. "Nilisikia tu," akarudia, akaanza kuikunja kamba ile, akaikunjua, akaikunja.

Niliweka kiganja kwenye ncha ya gogo lililokuwa karibu. Lilikuwa bado na unyevu, na harufu yake niliijua kabla sijaliangalia. "Hili limetoka wapi?"

"Huko kwenu Ushirombo. Malori yanatoka upande wa Bukombe." Hakusema kwa ubaya. Akaona ninavyoliangalia, akaniambia nisimame. Akanipeleka kwenye mdomo wa duara moja, shimo la mraba lililoshuka gizani, kuta zake zimeshikiliwa na magogo, moja juu ya jingine, hadi macho yanapochoka. Sauti za watu zilitoka chini kama kutoka kwenye mtungi. "Hayo ndiyo yanayowashika," alisema. "Gogo moja likiwa bovu, watu wanafukiwa. Pale," akanionyesha kifusi kilichoota majani, "rafiki yangu yuko pale. Hatukumpata."

Nilimwamini. Nilitaka sana kumchukia kwa yale magogo, na nikashindwa, kwa sababu sauti za wale watu zilikuwa zinakuja kutoka chini.

Nikamweleza habari ya ng'ombe na dagashida. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Migunga na mininga hiyo ina unene gani sasa?"

Nikaonyesha kwa mikono.

"Ukiinyoosha vizuri, baada ya miaka michache naweza kuleta lori."

"Hapana," nikasema.

Alinitazama, akatikisa kichwa, sijui ni kwa kukubali au kwa kuchoka. "Haya. Nenda ukale kwanza. Nenda kwa huyo mama pale kwenye turubai la buluu."

Huyo mama alikuwa kijana kuliko mimi, anauza chakula, ana mtoto mgongoni. Alinipa ugali na sato. Samaki wake, alisema, wanatoka ziwani, Nkome, ndugu yake anamletea. Alininawisha mikono mwenyewe, akapiga goti akishika birika. Nilianza kula. Mtoto aligeuza uso kunitazama, na nikaona paji la uso la binti yangu.

Nikaacha kula.

"Wewe ni dada yake?" aliniuliza.

"Mimi ni mkewe."

Alikaa chini taratibu. Akafukuza nzi juu ya sahani yangu. "Aliniambia mkewe alikufa," alisema.

Niliangalia mikono yangu, yenye mikwaruzo ya miiba, na nikamwona yeye pia anaiangalia.

"Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kwa ajili ya shamba."

"Hata ukimchukua hutampata wote," alisema. "Hapa tunaishi naye, na hayupo." Akaniongezea mchuzi bila kuuliza. "Kula, dada. Safari ni ndefu."

Nilikula. Njaa haina aibu.

Alasiri mume wangu alimpigia mwenyekiti wetu mbele yangu, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. Yule mwanamke alisimama nyuma yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ni wewe? Tulidhani umepotea."

"Nipo mzee. Nimeambiwa kuna shauri. Shamba nimemwachia mama hapa, lote, na ule mteremko wa juu. Akisema ngitili, ni ngitili. Mdogo wangu asiingize ng'ombe bila kumwomba. Mimi sina dai."

Karasha la jirani likanguruma, tukasubiri linyamaze. Mwenyekiti akauliza, "Na wewe unarudi lini?"

Mume wangu alitazama magogo yake. "Mimi sirudi, mzee," alisema.

Ndivyo nilivyopewa shamba na kuachwa, kwa simu moja, na mwenyekiti akiwa shahidi. Hakuna aliyepaza sauti. Mume wangu akanisindikiza hadi penye magari, amenibebea mfuko, na njiani tuliongea habari za mvua. Mwanamke yule alikuwa amenifungia dagaa kwenye gazeti. Gari lilipoondoka mume wangu alikuwa bado amesimama, lakini ameshageuka anaongea na mtu wa lori.

Dagashida iliketi tena, mwenyekiti akasema alichokisikia, na ikawa hivyo. Shemeji alitozwa faini akailipa. Kuanzia hapo aliacha kunisalimia. Wake zake walinisalimia akiwa hayupo.

Miti ikaota. Sijui niiseme vipi kazi hiyo, kwa kuwa haina siku ya kuelezea. Unakata tawi, unafukia majani, unarudishia miiba mahali mbuzi alipopenya, na unarudi ndani. Udongo wa kwenye mistari ya gilirisidia ukawa mweusi, mahindi yangu yakawa ya mwisho kunyauka kijijini. Kwenye mteremko ile mifereji ilijaa majani, ikaacha kupitisha maji kwa fujo. Kware walirudi. Kisha nyuki, ambao sikuwaita. Asubuhi ya kwanza niliyosikia mvumo wao juu ya mkwaju nilishika simu nimpigie mtu nimwambie. Nilipitia majina yote kwenye simu ile hadi mwisho, nikaiweka mfukoni.

Lakini kichaka kinaficha, na mtu anayekaa peke yake karibu na kichaka huwa na maswali juu yake. Ndama wa shemeji alipokufa, na wa jirani yake baada ya siku chache, nikaanza kusikia habari za fisi. Kwamba wanalala kwangu. Kwamba wana mwenyewe, anayewatuma usiku. Nilimkumbuka mama mkwe na kanga yake, na nilipokwenda kisimani nilijikuta natazama chini.

Asubuhi moja walikuja sungusungu, walinzi wa kijiji, na fimbo na mapanga, na shemeji nyuma yao. Kiongozi wao alisema wanataka kukagua kichaka. Nilifungua mwenyewe ile miiba ya mlangoni nikatangulia, nikiwaza kwamba kama ni kufa, nife ndani humo.

Hawakuwahi kuingia tangu kilipofungwa. Waliingia kwa kelele, na kadiri walivyoendelea kelele zikapungua. Njia ilikuwa na kivuli hadi mwisho. Walipiga vichaka kwa fimbo, wakaruka kware. Walikuta mzinga niliowatundikia wale nyuki, mayai ya kanga, alama za sungura. Fisi hawakuwapo, wala shimo lao. Kijana mmoja alivunja kijiti akatafuna kama mswaki. Mwingine, mtu mzima, alivua kofia akajifuta jasho na kusema, bila kumwambia yeyote, "Humu kuna baridi." Shemeji alisimama mbele ya mninga mmoja mnene, akaugusa ganda. Nilidhani atasema kitu kuhusu baba yao, au mama yao. Akaondoa mkono, akatoka kwa njia aliyoingilia.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Shemeji alimtuma mkewe mdogo kuomba nyasi kwa ajili ya ndama. Nikamwambia waje wakate, wabebe, ng'ombe wabaki nje. Walikuja. Wakaja na wengine, mwenyekiti akapanga zamu, na tangu hapo hakuna aliyezungumzia tena fisi, angalau nisikie. Shemeji hunisalimia siku hizi, akiwa upande wa pili wa minyaa. Anauliza habari za asubuhi kwa Kisukuma, "Mwangaluka," namjibu, anaenda zake. Ndani hajawahi kuingia tena.

Binti yangu hapendi niwe peke yangu. Mwaka jana alinichukua Ngokolo. Kuna maji ya bomba pale, kuna umeme, majirani wanapiga redio hadi unajua vipindi vyote bila kuwa na redio. Alinipa chumba, wajukuu wakanizoea. Ila kutwa nzima alikuwa dukani, watoto shuleni, na mimi nilikaa kibarazani nikiwatazama watu wengi wasionijua. Upweke wa huko sikujua nianzie wapi kuushika. Huu wa kwangu nimeshauzoea, najua mahali unapokaa. Mawingu ya kwanza yalipojitokeza upande wa kusini nilimwambia kwamba machipukizi yanahitaji kupunguzwa.

"Mama, wakipunguza wengine?"

"Nani?"

Alinifungia mchele na sabuni, akanipandisha bodaboda, akalia kidogo, nami nikajifanya sijaona.

Juzi walikuja wanawake wawili wa kitongoji cha ng'ambo kuniomba wanione ninavyochagua machipukizi. Mmoja alikuwa kwenye kile kikundi cha zamani, yule aliyeliwa miche na mbuzi. Tulizunguka shamba, nikawaonyesha la kukata na la kuacha, naye akakata kwa mkono mzuri, mwepesi. Baadaye niliwapikia matobolwa, yale matembele makavu ya viazi, hapana, viazi vyenyewe vilivyokaushwa, siku hizi nachanganya maneno nikiwa na wageni. Wakala, wakasifu. Nilitaka wakae hadi jioni, nikaongeza chai bila kuulizwa. Lakini walikuwa na watoto nyumbani, na mifugo, na njia ndefu. Niliwasindikiza hadi barabarani, wakapungua, wakawa wadogo, kisha miti ikawaficha.

Nikarudi, nikatoa vikombe nje, nikachukua panga. Upande wa juu kulikuwa na mininga ambayo sikuwa nimeifikia.